Sukari Haiko Kwenye Barafu

Uliye jikoni, uliye dukani unasubiri mteja, uliyebanwa dirishani kwenye daladala, nyote nawakaribisha. Leo nawaomba msiende mbali na redio, hasa kama wewe mwenyewe, au mzazi wako, au mwenzio nyumbani, anaishi na kisukari.

Swali la leo linakuja kwa sura nyingi. Wapo wanaouliza, "Je, samaki wa barafu anapandisha sukari?" Wapo wanaouliza, "Kamba wa pakiti nile au niache?" Na wapo waliokwishaambiwa na jirani kwamba samaki wa friza ni sumu kwa mgonjwa wa sukari, eti amejaa madawa, heri ashinde na maharage. Maskini maharage, nayo yana wanga wake, lakini hayo tuyaache.

Nianze na jibu, halafu ndiyo tuje kwenye sababu. Samaki mtupu, yaani nyama ya samaki isiyoongezwa kitu, hana wanga. Hana. Na wanga ndio unaopandisha sukari ya damu kwa haraka. Barafu nayo ni maji tu. Kwa hiyo samaki mtupu aliyegandishwa hapandishi sukari kuliko yule uliyemnunua asubuhi pale soko la samaki la Feri, mapezi yakiwa bado yanang'aa. Ukiona sukari imepanda baada ya kula samaki, usimlaumu yeye wala barafu. Tafuta alichoongezewa, na tafuta alikuwa na nani kwenye sahani.

Kwa nini samaki hana wanga? Kiumbe yeyote mwenye misuli huweka humo akiba kidogo ya sukari ya kumpa nguvu. Samaki anapohangaika wavuni, akiba hiyo anaitumia, na ile inayobaki huvunjikavunjika baada ya kufa. Kinachofika jikoni kwako ni protini, mafuta, maji na madini. Viumbe wa bahari wanaobakiza kidogo ni wale wasio na mifupa. Ngisi ana kama gramu 3 za wanga katika gramu 100, pweza kama 2, na chaza hufika 4 au 5. Ni kiasi gani hicho? Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4. Basi hata chaza, ambaye ndiye mwenye wanga mwingi kati yao, hazidi sana kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo wewe uliyezoea kusimama jioni kwenye meza ya pweza ukanywa supu, supu hiyo haina ugomvi na sukari yako. Sifa nyingine za supu ya pweza mnazijua wenyewe, si mada ya leo. Ila ule muhogo wa kuchemsha unaoletwa pembeni, huo una hesabu yake.

Sasa tufungue friza tuwalinganishe waliomo. Nani ana nini?

Kwa protini hawapishani sana. Sato, sangara, jodari na kamba, wote wanazunguka gramu 20 katika gramu 100 za nyama mbichi, jodari akizidi kidogo. Ngisi na pweza wako chini kidogo, kama 15. Protini ni muhimu kwa mwenye kisukari kwa sababu inashibisha, na mtu aliyeshiba hana haja ya kurudi kwenye sufuria ya wali mara ya tatu.

Wanapopishana hasa ni kwenye mafuta. Minofu ya sangara wa Mwanza ina mafuta machache, ya sato hali kadhalika, na jodari wetu wa Bahari ya Hindi, pamoja na ukubwa wake wote, nyama yake ni kavu. Vibua je? Hapa tuwe waangalifu, maana jina ni moja na samaki ni wengi. Kibua mdogo wa pwani yetu ana mafuta ya wastani. Lakini wale wakubwa wanaoletwa kwenye maboksi, wamegandishwa, wametoka bahari za baridi, hao wana mafuta mengi, gramu 13 katika 100, na wakati mwingine zaidi. Ni mafuta mema, yenye omega-3, yale ambayo madaktari wanayataja kila wakizungumza habari za moyo.

Na hapa nataka kusema jambo litakalowaudhi wauzaji wengine. Omega-3 haishushi sukari. Utasikia mtu anatangaza vidonge vya mafuta ya samaki kuwa ni dawa ya kisukari. Tafiti kubwa hazikuonyesha hivyo. Mafuta hayo yanasaidia kupunguza aina fulani ya mafuta kwenye damu, na samaki wenyewe, wakiliwa mara kwa mara, ni chakula kizuri kwa moyo. Mwenye kisukari ana sababu ya kuujali moyo, kwa kuwa maradhi ya moyo humwandama kuliko mtu mwingine. Ndiyo maana Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri samaki, hasa wenye mafuta, angalau mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo mle samaki kwa ajili ya moyo, na kwa sababu mnapokula samaki hamli kitu kingine kibaya zaidi. Dawa mlizoandikiwa zibaki palepale.

Mtu akiniuliza, "Nina fedha ya pakiti moja tu, ninunue kamba au vibua?", sitasita. Vibua. Mafuta yao yana faida zaidi, na bei yao haikufilisi. Kamba si mbaya. Wengi wanamwogopa kwa sababu ya kolesteroli, na ni kweli anayo nyingi, lakini ana kiasi kidogo sana cha mafuta mgando, yale yanayopandisha kolesteroli ya damu. Kamba aliyechemshwa au kuungwa kwa nyanya hana neno. Wa kuchovywa kwenye unga na kuzamishwa kwenye karai, huyo ni habari nyingine. Na mama mjamzito mwenye kisukari cha mimba aache papa na nduaro, samaki wakubwa wanaokusanya zebaki miilini, achukue vibua au dagaa.

Tuje kwenye kiini cha mazungumzo. Nimesema samaki mtupu. Sasa ingia duka lolote kubwa la mjini, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ufungue friza la vioo. Utakuta minofu mitupu upande mmoja, na upande wa pili utakuta samaki waliovishwa joho. Fishi finga zile za watoto. Kamba waliopakwa chenga za mkate. Bajia za samaki. Joho lenyewe limetengenezwa kwa nini? Unga wa ngano, wanga wa mahindi, chenga za mkate, wakati mwingine na sukari kidogo ili likaangwe liwe la dhahabu. Gramu 100 za fishi finga, yaani vipande vinne hivi, zina wanga unaokaribia gramu 20. Hiyo inazidi slesi moja ya mkate. Na nani anakula vinne akaridhika?

Wajanja zaidi ni vile vijiti vyeupe vyenye rangi nyekundu juu, vinavyoitwa vya kaa. Ndugu zangu, mara nyingi humo hamna kaa. Ni nyama ya samaki wa bei nafuu iliyosagwa, ikaoshwa, ikachanganywa na wanga, sukari na ladha ya kaa. Wanga wake hufika kama gramu 15 katika 100. Mtu anakula akidhani amejiepusha na mkate, kumbe mkate amekutana nao kwa jina lingine.

Kwa hiyo ukishika pakiti, igeuze. Nyuma kuna jedwali. Usisome yote, utachoka. Tafuta mstari mmoja, wa wanga, au kabohaidreti, kwa kila gramu 100. Minofu mitupu itakuonyesha sifuri au karibu na sifuri. Ukikuta 15, ukikuta 20, ujue hapo unalipia unga. Halafu soma orodha ya vilivyotiwa: kwenye minofu mitupu inatakiwa iwe fupi mno. Samaki. Basi.

Ukiwa hapohapo, angalia pia sodiamu, yaani chumvi. Hii wengi tunairuka kwa sababu tumebanwa na sukari peke yake, na huku wengi wenye kisukari wana presha vilevile. Kamba wa viwandani mara nyingi hulowekwa kwenye dawa ya fosfati ili ashike maji, aonekane mnene na apime zaidi kwenye mizani. Kamba asiyelowekwa ana sodiamu kidogo, kama miligramu 120 katika gramu 100. Aliyelowekwa anaweza kuwa nayo mara nne na zaidi. Utamjua jikoni: ukimweka kwenye sufuria anatoa maji kama aliyefunguliwa bomba, kisha ananywea, uliyemwona mkubwa anabaki kama kidole cha mtoto. Umenunua maji yenye chumvi kwa bei ya kamba.

Kuna na yale maji yanayoonekana. Samaki wengi hupitishwa kwenye maji baridi wakishagandishwa, wanapata ngozi ya barafu ya kuwakinga wasikauke. Hiyo si dhambi, inasaidia kweli. Uzito ulioandikwa unatakiwa usihesabu barafu hiyo. Lakini ukiona barafu imekuwa nene kuliko samaki, rudisha pakiti mahali pake.

Lakini nisije nikawatisha mkamkimbia samaki wa friza mkaangukia kwa ng'onda na papa mkavu. Kama una presha na kisukari, samaki wa barafu asiyeongezwa kitu ni bora kwako kuliko samaki wa chumvi, hata umloweke usiku kucha. Papa nampenda, tena kwa nazi na bilinganya. Nasema tu kwamba ni wa siku moja moja.

Na lishe yenyewe je, barafu inaiharibu? Kwa sehemu kubwa, hapana. Protini inabaki, madini yanabaki. Vitamini chache zinazoyeyuka kwenye maji hupotea pamoja na yale maji yanayochuruzika samaki akiyeyuka, ndiyo sababu ni vizuri ayeyukie ndani ya jokofu, chini, kwenye bakuli, polepole usiku, badala ya kulowekwa kwenye beseni la maji. Mafuta ndiyo yasiyovumilia muda mrefu. Kibua akikaa friza miezi mingi mafuta yake yanaanza kuchacha, tumbo linageuka manjano, na harufu yake inafanana na mafuta ya taa yaliyomwagika. Samaki mwenye mafuta umtumie ndani ya miezi miwili au mitatu. Sangara na sato wanastahimili zaidi.

Adui mkubwa ni umeme kukatika. Samaki anayeyuka, umeme unarudi, anaganda tena, na muuzaji hakuambii. Ishara zake zipo: vipande vimeshikana vikawa donge moja, na ndani ya mfuko kuna vipande vya barafu iliyotokana na maji yake mwenyewe. Kwa jodari na vibua hili ni la hatari, kwa sababu wakikaa kwenye joto nyama yao hutengeneza histamini, ile inayokufanya uwashwe mwili mzima, uso uwe mwekundu na kichwa kigonge. Histamini haifi kwa kuchemshwa wala kwa kugandishwa tena.

Sasa tuhamie kwenye sahani, maana hapo ndipo sukari inapoamuliwa.

Kikombe kimoja cha wali uliokwishapikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Kikombe kimoja! Na sahani zetu mnazijua, wali wa nazi umejengwa mlima, samaki amelala juu kileleni. Sasa hata umchague samaki bora kuliko wote, usome lebo yake mpaka macho yaume, akienda kukaa juu ya vikombe vitatu vya wali, mashine ya kupimia sukari itasoma wali.

Je, samaki anaweza kusaidia chochote hapo? Anaweza, na njia yake inanifurahisha. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha jaribio dogo. Waliwachukua watu wachache wenye kisukari cha aina ya pili, na wengine wazima, wakawapa samaki na wali. Samaki aliyetumika alikuwa wa jamii ya vibua, amechemshwa. Siku moja walikula wali kwanza, samaki baadaye. Siku nyingine samaki kwanza, kisha wakangoja dakika 15, ndipo wakala wali. Chakula kilekile, kiasi kilekile. Siku waliyoanza na samaki, sukari ilipanda kwa utulivu zaidi, na tumbo lilichelewa kukipitisha chakula kwenda kwenye utumbo. Walipojaribu na nyama ya ng'ombe badala ya samaki, ikawa vivyo hivyo. Jaribio dogo, narudia, lakini tafiti nyingine za kupanga chakula kwa zamu zimeelekea upande huohuo.

Sisi tunakulaje? Wengi tulilelewa kinyume. Ugali kwanza, kipande cha samaki kinawekwa pembeni kisubiri, mtoto anamega tonge anachovya mchuzi, anachovya mchuzi, na kitoweo chenyewe ni cha kumalizia. Kwenye sinia la watu wanne utaonekana mlafi ukianza na samaki. Naelewa. Lakini kama nyumbani kuna mwenye kisukari, mwekeeni chake kando: kipande cha samaki na mchicha au matembele ale mwanzo, kisha wali kiasi cha ngumi yake. Asubiri dakika 15 kamili? Si lazima akae anatazama saa. Aanze tu na samaki na mboga.

Na mapishi? Chukuchuku, ndimu, kitunguu, nyanya, pilipili: hapo huhitaji ruhusa ya mtu. Wa kuoka kwenye mkaa, vizuri. Wa kupaka, tui la nazi halina wanga wa kutisha, ila mafuta yake ni mazito, basi tui jepesi kuliko lile la kwanza. Wa kukaanga kwa viungo bila unga, mara moja moja, kwenye mafuta ambayo hayajakaanga tangu juzi.

Kabla sijamaliza, kuna watu watatu nataka wanisikilize vizuri.

Wa kwanza ni anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamaidi. Ukisikia leo kwamba samaki hana wanga, usikimbilie kufuta ugali wote na kula samaki peke yake kesho mchana huku dozi ni ileile. Sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Na ikishuka, supu ya samaki haikuokoi, kwa sababu hiyohiyo kwamba haina wanga. Hapo unahitaji sukari yenyewe, vijiko vinne vya chai kwenye maji, unywe, upumzike, upime tena baada ya dakika 15. Mabadiliko makubwa ya chakula uyapange na wanaokutibu.

Wa pili ni mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kusumbua. Kwako protini ina kipimo chake, na kamba wenye fosfati ndio wa kuwaepuka kwanza. Muulize daktari ni vipande vingapi.

Wa tatu ni yeyote mwenye jokofu la mlango mmoja, lile lenye kisanduku cha barafu juu. Jumamosi umenunua samaki wengi, umewabana humo, na umegeuza kitufe mpaka mwisho ili wagande upesi. Sasa chupa ya insulini iko wapi? Kama iko rafu ya juu, chini ya kile kisanduku, inaweza kuganda nayo. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji ya dawa. Haitumiki tena. Iweke mlangoni au rafu ya chini, ndani ya kikopo chake, mbali na barafu. Mtu anaweza kufuata kila kitu tulichosema leo, vibua, mchicha, wali kidogo, na sukari ikaendelea kupanda kwa sababu anachoma dawa iliyoganda karibu na samaki.

Fundi mitambo ananionyesha kidole, muda umekwisha. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza habari za dagaa wakavu, wa ziwani na wa baharini, na jinsi ya kuwapunguza chumvi na mchanga. Aliye na swali atuandikie.